Mbele ya kurudi nyuma, zunguka motokaa yako

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo siongei habari ya malaria wala ya kuchemsha maji ya kunywa. Nataka tuongee habari ya motokaa zinazorudi nyuma ndani ya parseli zetu na mbele ya milango yetu. Mtaniuliza: msaidizi wa mganga anajua nini katika mambo ya motokaa? Ni kweli, mafundi wa garaji wanajua kuniliko. Lakini wao wanatengeneza parashoki zilizogongwa. Sisi wa dispansere tunapokea miguu ya watoto.

Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, baba mmoja alifika kwetu mbio amebeba binti yake wa miaka 3 mikononi. Baba huyu ni shofa wa kazi ndefu, zaidi ya miaka 20 kwenye usukani, na karatasi zake ni safi. Asubuhi ile alikuwa na pikapu mpya ya kazi, yenye kamera nyuma, na yenye ile kengele ambayo mashofa wanaiita radari. Alikuwa anatoka nyumbani. Akatia marshariere, akaangalia ekrani: ukuta wa jirani, mwembe, hakuna mtu. Akaachilia freni.

Mtoto alikuwa ameketi chini, kwenye pembe ya nyuma ya pikapu, karibu kabisa na gurudumu, upande wa kivuli. Alikuwa anapika udongo ndani ya kopo la maziwa. Kamera iko katikati, inaangalia nyuma. Ile pembe ya chini karibu na gurudumu haikuionyesha. Radari yenyewe ilimwona. Ililia. Mama mtoto aliisikia kutoka dirisha la jiko, maana vioo vya pikapu vilikuwa vimeshushwa. Baba aliyeketi ndani hakuisikia.

Mfupa wa paja ulivunjika. Mtoto alilala majuma mengi lopitali, mguu ukivutwa na uzito. Anaishi, Mungu ashukuriwe. Lakini neno moja lilinisumbua tangu siku ile: kwa nini bibi alisikia kutoka jikoni, na bwana aliye karibu na kengele hakusikia?

Jibu tulilipata tulipompima masikio. Huyu baba anasikia vizuri sauti nzito. Ukimwita kwa jina anageuka. Lakini milio myembamba, ile ya juu, imemtoka. Ndivyo kelele ya kazi inavyofanya: haizibi sikio lote mara moja, inaanza kula milio ya juu, na mwenyewe hajui, sababu haumi popote. Mtu anayefanya kazi miaka na miaka karibu na injini kubwa, na konkaseri, na mashini ya kutoboa mawe, pahali penye kelele ya desibeli 85 na zaidi, bila kuvaa vizibo vya masikio, anapoteza milio hiyo kidogo kidogo. Na kengele za radari za motokaa nyingi zinalia kwa mlio gani? Kwa mlio mwembamba, wa juu. Kwa hiyo kampuni inanunua motokaa yenye kengele, inampa shofa ambaye masikio yake, kwa ajili ya kazi yenyewe, hayawezi tena kuisikia kengele ile!

Mimi naona hapa ndipo penye shauri lote. Vijana wetu, hata wakubwa fulani wa kazi, wanasema: tieni kamera na radari kwenye kila motokaa, maneno yatakwisha. Siwacheki. Vyombo hivi ni vizuri, na ningependa motokaa zote ziwe navyo. Lakini tuvijue kwanza, tujue vinaona nini na visivyoona nini, ndipo tuseme vitatulinda kadiri gani.

Radari inafanya kazi kama popo. Zile duara ndogo mnazoziona kwenye parashoki zinatupa sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuishika. Sisi tunasikia mpaka mitikisiko 20.000 kwa sekunde moja, na zaidi ya hapo hatusikii. Hizo zinatupa ya 40.000 na zaidi. Sauti inakwenda, inagonga kitu, inarudi. Mashini inapima muda wa kwenda na kurudi, na kwa kuwa sauti inakimbia mita 340 hivi kwa sekunde, inajua kitu kiko mbali gani. Kitu kikikaribia, kengele inalia upesi upesi, na mwisho inalia bila kukata.

Sasa fikirini. Radari nyingi zinaanza kuona kitu kikiwa mita moja na nusu ao mita mbili. Ukirudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilometa 5 kwa saa, unapita karibu mita 1 na nusu kwa sekunde moja. Na mtu mzima, mwenye akili timamu, asiyekunywa, anahitaji kadiri ya sekunde moja kusikia kengele, kuelewa, na kuondoa mguu kuutia kwenye freni. Hesabuni wenyewe kinachobaki. Ndiyo maana nasema radari inamsaidia tu yule anayerudi polepole kuliko mtu anayetembea. Anayerudi kwa haraka anasikia kengele na kishindo pamoja.

Tena radari haioni kila kitu. Nguo laini inameza sauti. Nguzo nyembamba ya chuma inaweza kuipita. Kitu kifupi kilichoegemea parashoki kabisa kinaweza kuwa chini ya macho yake. Mtaro haiuoni hata kidogo, maana hakuna cha kurudisha sauti. Waliokwisha kutumbukiza gurudumu la nyuma katika mitaro ya Likasi wanajua. Na wakati wa mvua, matope mekundu yakikauka juu ya zile duara, ama inanyamaza, ama inalia ovyo ovyo siku nzima. Hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Najua shofa mmoja ambaye radari yake ililia kila asubuhi kwa sababu ya majani ya uzio wake. Siku za kwanza alisimama, akashuka, akaangalia. Juma la pili alipunguza tu mwendo. Mwezi ulipokwisha hakuisikia tena, ingawa masikio yake ni mazima. Kisha akaizima. Kengele inayosema uongo kila siku, siku inaposema kweli nani ataiamini?

Kamera nayo ina shida zake. Vumbi la kiangazi linaifunika, na watu wanaosha motokaa nzima wanasahau kile kijicho kidogo karibu na namba. Jua la asubuhi likiipiga usoni, ekrani inakuwa nyeupe tupu. Na kioo chake kimeviringwa ili kionyeshe pahali papana, kwa hiyo kinaonyesha vitu kama viko mbali kuliko vilivyo. Wengi wetu tumenunua motokaa za zamani zilizotoka Japani. Yangu mimi ekrani yake inaongea Kijapani, na kamera ilikufa mbele sijaijua. Nilisikitika siku mbili. Sasa sioni hasara, sababu inanilazimisha kushuka. Na motokaa hizi zenye usukani kuume, katika nchi yetu ambapo tunapita upande wa kuume wa barabara, zinaongeza shida nyingine: shofa anaketi upande wa ukingo, na upande wa kushoto, ambao watoto wanavuka wakitoka katikati ya barabara, uko mbali na macho yake. Wenye motokaa hizo watazame kioo cha kushoto mara mbili.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya huku kwetu tu, kwa ajili ya parseli ndogo na watoto wengi. Huko Marekani, penye garaji pana na nyua za majani, wakubwa wa usalama wa barabara walihesabu kwamba motokaa zinazorudi nyuma zinaua watu kama 210 kwa mwaka na kuumiza kama 15.000. Karibu kufa tatu katika kumi ni za watoto wasiofika miaka 5. Sheria yao ya mwaka 2008 inabeba jina la mtoto wa miaka 2, Cameron Gulbransen, aliyekufa mwaka 2002 mbele ya nyumba yao wenyewe, chini ya motokaa iliyoendeshwa na baba yake. Baba huyo ni mganga wa watoto. Someni tena neno hilo: mganga wa watoto. Upendo haukukosekana pale, wala elimu. Macho ndiyo hayakufika.

Kwa sheria ile, tangu Mei 2018 kila motokaa mpya ndogo inayouzwa kule lazima iwe na kamera ya nyuma, inayoonyesha eneo la mita 3 kwa 6, na picha itoke mbele ya sekunde 2 kupita tangu kutia marshariere. Vema sana. Lakini wataalamu wenyewe walipopiga hesabu mwaka 2014, walisema kwamba siku motokaa zote za nchi zitakapokuwa na kamera, zitaokoa watu kama 60 kufika 70 kwa mwaka. Si 210. Hao wengine wanaobaki, kamera haitawaokoa, kwa sababu shofa hakuangalia ekrani, ao aliangalia na alikuwa na haraka, ao mtu aliingia baada ya yeye kuangalia.

Basi, tufanye nini? Jambo langu ni moja, na mashofa wa machimbo wanalijua tayari: uegeshe motokaa ikiwa uso wake unatazama njia ya kutokea. Kazini hakuna anayebishana. Pikapu zinapangwa nyuma kwa ukuta, freni ya mkono inavutwa, kale zinatiwa kwenye magurudumu, na anayetaka kurudi nyuma anapiga honi mara tatu na kungoja. Shofa wa bene kubwa, anayeketi juu kama kwenye dirisha la ghorofa na asiyeweza kuona mtu aliyesimama karibu na gurudumu lake, hasogei mpaka ajibiwe. Lakini mtu huyo huyo akifika nyumbani anavua kaski, na pamoja na kaski anavua sheria yote! Anaingiza motokaa uso mbele kama inavyotokea, na kesho alfajiri, kiza kingalipo, vioo vimejaa umande wa baridi ya Juni, yeye amechelewa bisi ya kazi ao posti yake, anarudi nyuma kwa haraka katika pahali ambapo hajapaangalia tangu jana jioni.

Angalieni tofauti. Ukirudi nyuma wakati wa kufika, umepita pale sasa hivi, umeona kwa macho yako kama pana mtu. Vioo ni safi, akili imeamka, hakuna anayekungoja. Ukirudi nyuma wakati wa kutoka, ulikuwa ndani ya nyumba saa nyingi, na hujui nani ameingia katika uwanja. Ni kazi ile ile ya dakika moja. Ni kuchagua tu uifanye saa gani.

Najua mtakalonijibu, maana bibi yangu alinijibu hivyo mbele yenu: baba akifika, watoto wote wanakimbilia motokaa! Ni kweli, na watoto wa jirani pia, wanaotaka kupandishwa hata mita kumi. Kwa hiyo usiingie moja kwa moja. Simama kwenye lango, zima injini, uwasalimu. Mama ao dada mkubwa awakusanye, awasimamishe mlangoni ambapo wewe shofa unawaona wote, awahesabu. Mkono ushikwe na mkono. Kisha shuka, zunguka motokaa yako yote, inama uangalie chini, na ndipo upande. Ukipanda, rudi mara hiyo hiyo. Usijibu telefoni kwanza, maana dakika mbili zinatosha kwa mtoto kutoka mlangoni mpaka gurudumu. Na unapogeuza usukani ukirudi, kumbuka kwamba uso wa motokaa unafagia upande mwingine. Kamera ya nyuma haitakuambia habari ya mbele.

Mama, ukiona bwana yako anapanda bila kuzunguka, usiogope kupiga kelele. Mwambie: «Baba, bado sijakuonyesha watoto.» Asikasirike. Na mwanamume akikasirika, amlete kwangu dispansere, nitamwonyesha picha za radiografia.

Kuna jambo jingine la kuegesha ambalo nalisema kwa uchungu. Pale kwetu dispansere kuna mti mzuri wenye kivuli, karibu na mlango wa kuingizia wagonjwa. Kila mtu anautaka. «Ni dakika moja tu, msaidizi, nachukua dawa.» Siku moja dakika hiyo ilifika nusu saa, ambulansi ilikosa njia, na tulimbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa kwa machela, juani, tangu barabarani. Wenye motokaa walitoka wakatuangalia. Sitaki kutaja mtu. Nimeomba mstari wa rangi upigwe pale. Na mpaka upigwe, nawaomba mfanye kama upo.

Na kama ajali imekwisha kutokea? Kwanza zima injini, vuta freni. Ikiwa gurudumu liko juu ya mtu, usisogeze motokaa mbele na nyuma kwa kuhangaika; ita watu wengi waiinue pamoja, na mmoja tu atoe amri. Usimvute mtoto kwa mkono ao mguu. Shingo na mgongo visikunjwe. Mlaze juu ya ubao ao mlango uliong'olewa, mfunike asipate baridi. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi, usiache kubonyeza ili uangalie. Usimpe maji wala chai wala kitu chochote cha kula, maana pengine atapasuliwa saa ile ile. Na hili mlishike sana: mtoto aliyepitiwa na gurudumu akisimama na kutembea, usiseme amepona. Tumbo na nyonga vinaweza kutoa damu ndani, bila tone moja kuonekana nje. Akianza kuwa mweupe kwenye midomo na mikono, akitoka jasho la baridi, akitaka kulala, ni hatari. Mlete hata kama analia kwa nguvu. Mwenye kulia ananipa hofu ndogo kuliko anayenyamaza.

Sasa turudi kwa masikio, sababu sipendi mtu adhani kwamba yule baba alikuwa peke yake. Jiulize: je, unasikia wanaume wakiongea, lakini sauti ya bibi yako na ya watoto inakuwa kama uji, unasikia neno bila kulielewa? Je, nyumbani wanakuambia kila jioni upunguze redio? Je, ukitoka kazini masikio yanapiga filimbi? Kama ni hivyo, fanya jaribio hili siku ya kupumzika. Weka bidoni tupu ya maji nyuma ya motokaa, watoto wakiwa ndani ya nyumba. Pandisha vioo. Mtu mwenye masikio mazima aketi kando yako. Rudi polepole, polepole kabisa, na kila mmoja ainue mkono anapoanza kusikia kengele. Kisha laza bidoni chini, ujaribu tena, uone kama radari inaiona. Jaribu katikati, jaribu na kwenye pembe mbili. Utajua katika robo saa ni kipande gani cha uwanja wako kisicho na mlinzi.

Yule baba alifanya jaribio hilo na bidoni yake. Aliinua mkono wakati bidoni ilikuwa imekwisha kulala chini ya parashoki. Sasa pikapu inalala nyuma kwa ukuta, na binti, ambaye bado anachechemea kidogo, ndiye anayesimama mlangoni asubuhi na kusema: «Baba, zunguka!» Asipozunguka, analia.

Wanaotaka kupimwa masikio waje kwetu dispansere. Lakini msije mkitoka moja kwa moja kwenye posti ya usiku, maana sikio lililotoka sasa hivi katika kelele linachoka na linadanganya mashini yetu. Mje baada ya siku ya kupumzika, mbele ya kuingia kazini, na mje na vizibo vyenu vya masikio ili niangalie kama mnavitia namna inavyopasa. Wengi wenu mnavining'iniza shingoni.